Mume wangu anakoroma hadi anakata pumzi: je, kiharusi kiko kwenye damu yetu?

*"Shikamoo daktari. Tunaishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Mume wangu ana miaka 48, kwao Machame, ni dereva wa lori la masafa marefu na nyumbani yupo wikiendi tu. Anakoroma sana, halafu ghafla kimya, kama mtu aliyezama, kisha anakurupuka kwa kishindo na kuendelea. Ana presha, anameza lisinoprili kila siku, lakini mara ya mwisho ilisoma 152 kwa 94. Baba yake alipata kiharusi akiwa na miaka 71. Mimi nahudumia wazee zamu ya usiku, na mchana nalala masaa manne au matano ya kukatikakatika. Nimesoma kwamba watu weusi hapa Marekani hupata kiharusi kuliko Wazungu, na kwamba usingizi mbovu unachangia. Mama mkwe anasema kukoroma ni dalili ya mwanamume aliyeshiba na aliyechoka. Mume wangu hataki kupimwa, anasema wakimkuta na ugonjwa wa usingizi atanyang'anywa leseni. Je, hatari hii iko kwenye damu yetu? Ile mashine ya kuvaa usoni itamkinga? Na usiku anapokata pumzi, nimwamshe? Wikiendi silali, nahesabu pumzi zake."*

Marahaba, dada. Umeuliza maswali matatu, lakini nikisoma barua yako naona hofu moja chini yake: kwamba kuna kitu mmezaliwa nacho, na kwamba kinamjia mumeo usiku akiwa hana habari. Nianze hapo, maana mtu akishaamini kwamba ugonjwa uko kwenye damu yake, kinachobaki ni kukaa kuusubiri. Huu wa mumeo si wa kusubiriwa.

Ulichosoma kina ukweli. Kuna utafiti mkubwa unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, unaitwa REGARDS. Kati ya 2003 na 2007 uliandikisha watu zaidi ya 30,000 wenye miaka 45 na kuendelea, weusi na weupe, wengi wakiwa wa majimbo ya kusini-mashariki, ambako kiharusi kimezoeleka hadi eneo lenyewe likaitwa mkanda wa kiharusi. Katika umri wa miaka 45 hadi 54, weusi walipata kiharusi karibu mara nne ya weupe. Kadiri umri ulivyopanda pengo lilizidi kuwa dogo, na kwa waliovuka 85 halikuonekana tena. Kwa hiyo pengo ni kubwa zaidi kwa watu walio katikati ya kazi na malezi. Mumeo ana 48, na ndiyo sababu sikuandikii kwamba msubiri mwone.

Sasa suala la damu. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya katika sehemu mbili za Tanzania: wilayani Hai, yaani kwa akina mumeo hasa, na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walipata kama viharusi 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walipata 316. Nchi moja, rangi moja, na tofauti ya karibu mara tatu. Miaka michache kabla yake, mwaka 1997, timu nyingine ililinganisha presha ya watu wenye asili ya Afrika Magharibi popote walipo: huko Afrika Magharibi kwenyewe watu wazima wenye presha walikuwa asilimia 16, visiwa vya Karibiani 26, na kitongoji kimoja cha Chicago 33. Asili yao moja, ila presha ilipanda kadiri walivyokuwa mbali na maisha ya huko walikotoka. Na katika ulinganisho mwingine wa 2005 Wajerumani walikutwa na presha asilimia 55, juu ya Wamarekani weusi waliokuwa na 44. Sijawahi kumsikia mtu akisema presha iko kwenye damu ya Kijerumani.

Kuna jambo jingine wasomaji wangu wa Marekani hulisahau. Kwenye takwimu nyingi za huko, mumeo aliyekulia mtelemko wa Kilimanjaro na mtu ambaye mababu zake wameishi Mississippi tangu utumwa wanatiwa kapu moja lililoandikwa "mweusi". Waafrika wanaohamia Marekani mara nyingi hufika na presha nafuu kuliko weusi waliozaliwa huko, lakini nafuu hiyo huliwa taratibu na miaka ya chakula cha barabarani, kukaa kitini, zamu za usiku, na msongo wa kuishi mahali ambapo rangi yako inakutangulia kila unapoingia. Ninyi mna miaka tisa.

Kwa hiyo rangi haisababishi kiharusi. Inaonyesha ni nani wamekaa kwa muda mrefu katika mazingira yanayopandisha presha na kuiacha juu. Na presha yenyewe ndiyo mlango mkuu wa kiharusi. REGARDS walikuta jambo lililonishtua nilipolisoma mara ya kwanza: kila namba ya juu ya presha ilipozidi kwa vipimo 10, mathalani kutoka 140 hadi 150, hatari ya kiharusi kwa weupe ilipanda asilimia 8, kwa weusi asilimia 24. Vipimo vilevile, uharibifu mara tatu. Walikuta pia kwamba weusi walijua zaidi kuwa wana presha na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutumia dawa, lakini presha zao zilikuwa hazijashuka vya kutosha. Wanajua, wanameza, na bado iko juu. Huyo ndiye mumeo, dada, na hiyo 152 kwa 94 yake.

Swali linalofuata ni kwa nini haishuki. Hapo ndipo kukoroma kwake kunaingia.

Mama mkwe anastahili heshima, lakini hapa hayuko sahihi. Koromo la kawaida, la mfululizo, ni kelele tu. Ulichokieleza wewe, koromo, kisha kimya, kisha kukurupuka kama mtu aliyezama, ni kitu kingine: ni kukatika pumzi usingizini. Mtu anapolala misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu, kwa sababu ya shingo nene, uzito, umbo la taya, ulimi mkubwa au pombe ya jioni, koo hujifunga kabisa. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni inashuka. Ubongo unapiga kengele, mwili unamwaga adrenalini, moyo unadunda, mishipa inabana, presha inaruka juu ghafla. Mtu anashtuka nusu, koo linafunguka, anavuta pumzi kwa kishindo. Asubuhi hakumbuki chochote. Kwa mgonjwa wa kiwango kikubwa jambo hili hutokea zaidi ya mara 30 kwa saa. Piga hesabu ya usiku mmoja, halafu ya miaka kumi.

Presha ya mtu mwenye afya hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Hayo ndiyo mapumziko ya mishipa. Kwa anayekatika pumzi mara nyingi mapumziko hayo hayapo, na kukosekana kwake huonekana zaidi kwa Wamarekani weusi, hata wengine wasiokoroma. Mishipa midogo ya ubongo inapigwa usiku na mchana bila likizo. Juu ya hayo, kukatika pumzi huvuta moyo hadi ukaanza kupiga bila mpangilio, na moyo wa namna hiyo hutengeneza mabonge ya damu yanayoweza kupanda kichwani. Mwaka 2010 utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia watu zaidi ya 5,400 ulikuta kwamba wanaume waliokatika pumzi kiasi cha wastani au kikubwa walikuwa na hatari ya kiharusi karibu mara tatu.

Kiungo na presha inayogoma kushuka kimeonekana wazi mjini Jackson, Mississippi. Huko walipimwa usingizi wa Wamarekani weusi zaidi ya 850 majumbani mwao. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na ugonjwa huu wa kiwango cha wastani au kikubwa. Kati ya hao, zaidi ya 95 katika kila 100 hawakuwahi kuambiwa na daktari yeyote. Na katika wale wenye presha, waliokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha kukatika pumzi walikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu wa kuwa na presha isiyosikia dawa. Kama ningekuwa na nafasi ya kukumbuka takwimu moja tu ya mada hii yote, ningechukua hiyo 95.

Sasa lazima nikupe na upande usiofurahisha, kwa sababu ukiendelea kusoma mtandaoni utakutana nao. REGARDS hao hao walipofuatilia watu zaidi ya 22,000 kwa wastani wa miaka 12, walikuta kwamba kukatika pumzi kuliongeza kiharusi kwa weupe lakini si kwa weusi. Wengine wamelisoma hilo kama ruhusa ya kuendelea kukoroma. Mimi silisomi hivyo. Utafiti ule haukuwalaza watu kwenye vipimo. Uliwauliza kama wanakoroma, kama wanasinzia, kama daktari amewahi kuwaambia wana ugonjwa. Na tumeona sasa hivi huko Jackson ni wangapi walioambiwa. Ukiwa na kundi ambalo wagonjwa wake wengi wamehesabiwa kuwa wazima, tofauti kati ya wagonjwa na wazima itafifia hata kama ipo. Inawezekana pia kwamba kwa weusi presha na kisukari vimekwishabeba hatari yote, na usingizi unapitia humo humo. Hilo bado linajadiliwa. Lakini hakuna katika mjadala huo anayesema mwenye presha ya 152 anayekata pumzi mbele ya mkewe asipimwe.

Kuhusu kipimo chenyewe. Siku hizi mara nyingi huanzia nyumbani: unapewa kifaa, mkanda wa kifua, mrija wa puani na kibano cha kidoleni, analala kwake, asubuhi mnarudisha. Kwa dereva anayeonekana wikiendi tu ni rahisi. Ila ujue jambo moja. Kile kibano cha kidoleni husoma oksijeni kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na mwaka 2020 ilionyeshwa hospitalini kwamba kilishindwa kugundua oksijeni iliyoshuka kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Kipimo cha nyumbani hata bila hilo huweza kupunguza hesabu. Kwa hiyo kikisema "hana kitu" na wewe kwa macho yako unamwona akikata pumzi, msikubali kuishia hapo. Ombeni alazwe usiku mmoja kwenye maabara ya usingizi. Ni utaratibu unaokubalika kabisa, si usumbufu.

Na mashine? Najua ungependa niseme ndiyo, itamkinga. Ukweli una pande mbili. Mashine ya CPAP inasukuma hewa kooni ili lisijifunge, na kwa kazi hiyo ni nzuri mno. Usingizi wa mchana hupungua, maumivu ya kichwa ya asubuhi huisha, safari za chooni usiku hupungua, na presha hushuka kidogo, kwa wastani vipimo viwili au vitatu, zaidi kwa wale ambao presha yao imegoma dawa. Lakini jaribio kubwa kuliko yote, liitwalo SAVE, la mwaka 2016, liliwagawa watu 2,717 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo: nusu wakapewa mashine, nusu matunzo ya kawaida. Baada ya karibu miaka minne hapakuwa na tofauti katika viharusi wala mishtuko ya moyo. Wenye mashine waliivaa kwa wastani wa masaa 3.3 tu kwa usiku, na mtu anayelala masaa saba akavaa matatu amemwachia ugonjwa zaidi ya nusu ya usiku. Tena jaribio lile liliwaacha nje waliokuwa wakisinzia kupita kiasi. Kwa hiyo nikuambie hivi: mashine ina faida ninazoweza kuzithibitisha, ila kinga dhidi ya kiharusi bado haijathibitishwa. Avae kwa ajili ya usingizi wake, usalama barabarani na kusaidia presha, na avae usiku kucha.

Kinachothibitika kuzuia kiharusi ni kushusha presha yenyewe. Hili limejulikana tangu 1991, pale wazee walipopewa dawa rahisi ya kukojoza na viharusi vikapungua kwa asilimia 36. Hapa nataka uitazame ile lisinoprili. Ni dawa nzuri, ina kazi zake muhimu kwa wenye kisukari cha kuharibu figo au moyo dhaifu. Lakini katika jaribio la ALLHAT la 2002, Wamarekani weusi walioanzishiwa lisinoprili walipata kiharusi asilimia 40 zaidi ya weusi walioanzishiwa dawa ya kukojoza. Ndiyo maana miongozo ya huko ya 2017 ilimtaka daktari aanze na dawa ya kukojoza au ya kulegeza mishipa aina ya amlodipini kwa mgonjwa mweusi asiye na sababu nyingine, na mara nyingi mtu huhitaji dawa mbili kwa pamoja. (Kuna wenzangu wasiopenda kuchagua dawa kwa rangi, na wana hoja; rangi si kipimo cha damu. Lakini presha ya 152 inataka jibu leo, si baada ya mjadala.) Asiache lisinoprili kwa kusoma barua hii. Aende amwulize daktari wake: hii peke yake inatosha, au tuongeze? Na midomo au ulimi ukimvimba ghafla akiwa anaitumia, hiyo ni dharura, apelekwe hospitali hapo hapo.

Naomba nikusimulie kisa kimoja kinachonipa moyo. Los Angeles, utafiti uliochapishwa 2018, vinyozi wa maduka 52 ya kunyolea. Wanaume weusi 319 wenye presha iliyowashinda, wastani wa kama 154, yaani karibu sawa na ya mumeo. Nusu ya vinyozi waliwahimiza wateja wao waende kwa daktari. Nusu nyingine waliletewa mfamasia pale pale kwenye kiti cha kunyolea, anapima, anaongeza dawa, anarudi. Baada ya miezi sita kundi la kwanza walishuka vipimo 9. La pili walishuka 27. Hakuna aliyebadilishwa rangi wala damu. Walifuatwa walipo, na mtu wanayemwamini, hadi dawa ikatosha.

Sasa leseni, maana nadhani hicho ndicho kinachomzuia kweli. Hofu yake si ya kijinga. Madereva wa lori wenye cheti cha afya huangaliwa, na daktari wa cheti ana uhuru wa kumtaka dereva akapimwe usingizi. Lakini kuambiwa una ugonjwa huu hakukunyang'anyi leseni. Kinachomsimamisha mtu ni ugonjwa usiotibiwa unaoweza kumfanya asinzie akiendesha. Aliyepimwa, anayetumia mashine, ambaye kumbukumbu za mashine zinaonyesha anaivaa, huendelea na kazi. Wengi wanayo ndani ya lori lao, inakula umeme wa betri. Kipimo kinachotumika sana ni kuivaa angalau masaa manne katika usiku saba kati ya kumi. Na umkumbushe kwamba presha hupimwa kila anapofanya upya cheti. Ikiwa juu mno, daktari hatasaini, na hapo hakuna wa kumlilia.

Mengine ya kusaidia ni haya. Kupunguza uzito kama amezidi: hata kilo chache hulegeza koo, na tangu mwishoni mwa 2024 Marekani imeidhinisha dawa ya sindano ya tirzepatidi kwa wenye unene na ugonjwa huu wa wastani au mkubwa, ingawa bima nyingi huilipia kwa shida. Kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno husaidia wenye kiwango kidogo na wale walioshindwa mashine. Bia ya Jumamosi usiku, ambayo nadhani imechukua nafasi ya mbege, hulegeza koo zaidi. Bora aache masaa kadhaa kabla ya kulala. Vidonge vya usingizi asiguse kabla ya kupimwa.

Nunueni mashine ya presha ya mkononi, ya kufunga juu ya kiwiko. Akae kimya dakika tano, miguu chini, apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, aandike. Mwombe daktari, ikiwezekana, ile ya kuvaa saa 24 inayopima hata akiwa amelala. Hiyo ndiyo itakayosema kama usiku presha yake inapumzika.

Na wewe, dada? Umejitaja mara moja tu, kwa sentensi moja. Masaa manne au matano ya kukatikakatika ni machache. Tangu 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kimeuweka usingizi katika mambo manane ya kulinda moyo na ubongo, masaa saba hadi tisa kwa mtu mzima. Usiogope kupita kiasi: kwa wauguzi wa Marekani waliofuatiliwa miaka mingi, kila miaka mitano ya zamu za usiku za kupokezana iliongeza kiharusi kwa asilimia 4 hivi. Ni kidogo. Lakini wako ni usingizi unaoibwa, na nadhani namjua mwizi mmoja. Ukirudi kazini ukalala saa tatu asubuhi ya Columbus, nyumbani Tanzania ni saa kumi alasiri, au saa kumi na moja majira ya baridi yenu. Watu ndio wanatoka kazini, ndio wanaanza kupiga simu. Waambie wazi kwamba saa hizo wewe ni usiku. Simu iwe chumba kingine, pazia zito, chumba cha baridi, na muda uleule kila siku. Ukijaribu wiki nne usingizi ukagoma, tiba ya kwanza si vidonge, ni mafunzo ya kubadili mazoea na mawazo ya kitandani; madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani wamependekeza hivyo tangu 2016. Na upime presha yako kwa mashine ileile.

Yapo yasiyosubiri miadi. Kama amewahi kusinzia akiwa kwenye usukani, hata sekunde moja, asiendeshe hadi aonwe. Presha ikisoma 180 kwa 120 au zaidi na anaumwa kifua, kichwa au haoni vizuri, piga 911. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, macho yakaingia giza ghafla, piga 911, hata kama dalili zimepotea baada ya dakika kumi. Usimwendeshe mwenyewe, usimpe aspirini, usianze kupigia ndugu. Kwetu bado kuna wanaosema amepigwa na upepo mbaya na kupoteza siku ya kwanza kwa kisomo. Dua iende sambamba na gari la wagonjwa. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu alipoonekana mzima. Kiingereza kikikukimbia sema "Swahili" na subiri, watakutafutia mkalimani, na hospitalini ni haki yako bila malipo. Viharusi vingi, kama kimoja kati ya vitano, mtu huamka navyo. Akiamka mkono mzito msisingizie kaulalia. Waambie madaktari saa uliyomwona mzima mara ya mwisho, kwa sababu siku hizi kuna picha za ubongo zinazoweza kuwafungulia njia ya matibabu hata wa namna hiyo.

Umeuliza kama umwamshe. Hapana haja, mwili wake unajiamsha wenyewe, na ndiyo shida yake. Msukume alale ubavu, umwekee mto mgongoni asirudi chali, maana chali ulimi huangukia nyuma. Jumamosi hii mrekodi kwa simu dakika tatu, koromo, kile kimya, na ule mkurupuko. Asubuhi msikilizishe kabla ya chai, bila kugombana. Nimeona wanaume wengi waliobisha miaka wakanyamaza baada ya kujisikia wenyewe. Rekodi hiyo na karatasi ya presha ndivyo vya kumpelekea daktari. Kisha na wewe lala. Kuhesabu pumzi kuna kifaa chake.